Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mombasa: ardhi ya umma iliyolala, turuhusuni tulime mboga

Kwa Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Spika na MCA wote wa bunge la kaunti ya Mombasa, mawaziri wa kaunti wa ardhi na wa kilimo, na makamishna wa Tume ya Taifa ya Ardhi.

Assalam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Mimi ni mkaazi wa Kisauni, mama mwenye watoto, sina cheo na sijatumwa na mwanasiasa yeyote. Naandika kwa sababu moyo waniuma kila nikipita kwenye viwanja vya umma vimejaa magugu na mifuko ya taka, na papo hapo najua jirani yangu ameligawa fungu moja la mchicha nusu ya mchana nusu ya usiku. Ninachoomba ni kitu kimoja na nakisema hapa juu kabisa msije mkachoka kabla hamjakifikia. Wekeni utaratibu wa maandishi ambao mkaazi wa kawaida anaweza kuomba kipande kidogo cha ardhi ya umma ambayo haitumiki, alime mboga za kula nyumbani kwake kwa muda unaojulikana, na akiomba ajibiwe. Hati hatuitaki na kujenga hatutajenga, twaomba kulima tu.

Sisi ni wengi na pahali ni padogo, hilo nalijua. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 kwenye kaunti ambayo kwa ukubwa wa eneo ndiyo ndogo kuliko zote Kenya. Lakini hebu nendeni soko la Kongowea alfajiri mkaangalie malori yakishusha. Kabeji na viazi vimetoka bara, nyanya Taita na Loitoktok, vitunguu vingi vimevuka mpaka kutoka Tanzania, yaani karibu kila kitu kilichoko kwenye sufuria zetu kimepanda gari usiku kucha. Mafuta yakipanda bei mboga nayo yapanda, barabara ikikatwa na mvua sisi ndio tunaohisi wa kwanza. Mwaka 2020 wakati wa korona kaunti ilipofungwa na mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, wale walioishi humo wanakumbuka ilikuwaje kutafuta mboga mbichi, na kuna watu waliokuwa hawana kazi wala kibarua wiki nzima wamekaa na nguvu zao mikononi na hawana hata hatua kumi za udongo wa kupanda kitu.

Na vitu vya kupanda twavijua, hakuna haja ya kutuletea mtaalamu kutoka mbali. Mchicha wiki tatu nne hivi umeanza kuchuma. Majani ya kunde vivyo hivyo. Matembele ukishachomeka yanajiendea yenyewe, mnavu, mabamia, biringanya, pilipili, mtsunga ambao wengine wanaona ni gugu na sisi twaupika kwa nazi. Hizi ni mboga za Pwani, zinalivumilia jua letu, na mama akiwa na vituta vitano sita vilivyopishana hakosi kitoweo cha pembeni na ile hela ya mboga inaenda kwa unga ama kwa karo.

Kina mama wa chama chetu tulijaribu. Kuna kiwanja mtaani kwetu ambacho tangu niolewe huku sijaona mtu akikitumia, wazee wanasema ni cha umma, tukakisafisha, tukatoa chupa na mifupa na matairi, tukapanda mchicha na kunde. Ilitoka vizuri sana. Halafu asubuhi moja wakaja watu na greda wakalima chini kila kitu, wakasema tumevamia. Tukawauliza karatasi, hawakutuonyesha. Nao wakatuuliza yetu, na kweli hatukuwa nayo. Kiwanja kikarudi kuwa jalala na mpaka leo hakuna kilichojengwa. Sitaji afisi yoyote hapa maana sikuja kumshtaki mtu, nasema tu kwamba siku ile pande zote mbili hazikuwa na karatasi, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Kama ingekuwepo afisi ya kwenda kuuliza hiki kiwanja ni cha nani, kina mpango gani na lini, tungeenda kabla ya kushika jembe.

Sasa wengine watasema limeni kwenu nyumbani. Wapi? Wengi wetu Mombasa tuna nyumba na hatuna ardhi. Nikimweleza mtu wa bara anashangaa, lakini nyinyi mnaijua hii hali vizuri: kuta ni zangu, bati ni langu, udongo ulio chini ni wa mtu mwingine na namlipa kodi ya kiwanja. Kutoka ukuta wangu mpaka wa jirani panapita mtu mmoja kwa ubavu. Na tangu zamani mwenye shamba hakutaki upande mnazi wala mwembe, kwa sababu huku kwetu mti wa kudumu ni dai, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hivyo ukipanda mnazi ni kama umeanza kesi. Hii hofu ya miti naielewa. Ndiyo maana naomba mboga na siyo miti. Mchicha hauna dai lolote. Umeota, umechumwa, umeng'olewa, na ardhi imebaki ya yule yule.

Kuna jambo la historia lililonishtua nilipolijua na nataka mlifikirie. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta hapa Pwani sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye dai aende akaandikishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ni ya mfalme wa Uingereza. Waliojua kusoma na waliokuwa na mawakili wakaenda. Waliokuwa wakilima bila kujua karatasi ni kitu gani, na hasa wenzetu Wamijikenda, wengi walibaki nje, na maskwota tulionao mpaka leo mizizi yao iko pale. Sasa mwaka huo huo wa 1908, bunge la hao hao Waingereza kule kwao lilipitisha sheria ya mashamba madogo na bustani kwa ajili ya watu wao wa kawaida. Halmashauri ikiona wakaazi wana haja ya vipande vya kulima mboga ni lazima iwatafutie, na watu sita tu wenye kura wakiandika barua pamoja halmashauri haiwezi kuitupa, ni lazima ilizingatie ombi lao. Watu sita! Ile sheria ingali inafanya kazi. Kipande cha kawaida kule ni kama mita 250 za mraba, yaani ekari moja unatoa vipande kumi na sita, mtu analipa kodi ndogo ya mwaka. Na mwaka 1925 wakaongeza kwamba ardhi ambayo halmashauri imeichukua kwa ajili ya bustani hizo haiwezi kuuzwa bila waziri kukubali.

Kwa hivyo serikali moja, mwaka mmoja, huku kwetu karatasi ilitumika kuwatoa watu kwenye udongo na kule kwao karatasi ikatumika kuwapa watu udongo wa kulima. Sisemi haya kwa kinyongo. Nasema kwa sababu zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, nafasi ya kuandika ile karatasi ya pili iko mikononi mwenu, na hamhitaji kumuomba mtu wa London ruhusa. Wengine nao walifanya kwa njia zao. Cuba mwaka 1991 Muungano wa Sovieti ulipovunjika na mafuta na mbolea zikakatika, watu wa Havana walipewa viwanja vitupu vya mjini walime mboga, wakapewa haki ya kutumia bila kupewa umiliki. Ni hilo hilo tunaloliomba.

Na msiniambie sheria hakuna, manake zipo. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma ya kaunti mnaishika kwa amana, kwa niaba yetu sisi tunaokaa humu, na inasimamiwa na Tume ya Ardhi. Kwa amana! Hili neno kwa Muislamu na kwa Mkristo ni zito. Ardhi ya umma haiwezi kutumika ila kwa mujibu wa sheria, sawa, basi tusome Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 20, tume yaweza kutoa leseni ya kutumia ardhi ya umma ambayo haijagawiwa mtu, kwa muda usiozidi miaka 5. Mlango uko hapo hapo na umeandikwa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ilikiri wazi kwamba kilimo cha mjini hakijawekewa utaratibu na ikasema serikali itauweka. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 nayo inataka mpango wa jiji uwe na utaratibu wa kilimo cha mjini. Kilimo chenyewe Katiba imekigatua, ni kazi ya kaunti. Wenzenu wa Nairobi walipitisha sheria yao ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Mombasa ni jiji la bandari, lina watu wenye akili na wanasheria tele, kwa nini sisi tubaki nyuma kwa jambo kama hili?

Najua hofu yenu kubwa ni ipi, na ni hofu ya haki. Mnaogopa kwamba leo mtu akipewa kulima mchicha kesho ataweka kibanda, keshokutwa ataleta jamaa, na mwaka ukigeuka kuna kijiji pale na mahakama na kilio. Imetokea, siwezi kukataa. Lakini angalieni hao wanaovamia wanavamia vipi, wanavamia pahali pasipo na mwenye kuangalia. Kiwanja chenye leseni kina orodha ya majina kwa afisi ya wadi, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kimeandikwa hakuna kujenga, hakuna mti wa kudumu, hakuna kukodishia mtu mwingine. Anayevunja anatolewa yeye na kipande kinapewa anayefuata kwenye foleni. Na wale majirani wengine waliolima pale ndio watakaokuwa wa kwanza kumsema, kwa sababu akijenga yeye watafukuzwa wote.

Tena mimi naona hizi bustani zitawasaidia nyinyi kuilinda ardhi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha nchi nzima vile ardhi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria, na hapa Mombasa twajua kwa macho yetu viwanja vya michezo na vya shule vilivyopotea. Ardhi huibiwa kimya kimya, kwenye makaratasi, ikiwa imekaa haina mtu. Ekari moja ukiigawa vipande vya mita 60 za mraba, ukatoa njia na pahali pa tangi la maji, zinapata familia 50 hivi. Mtu akija na hati ya uongo kwenye kiwanja kinacholimwa na familia 50, siku hiyo hiyo mtaa mzima umejua na simu zimepigwa.

Sasa udongo. Kuna wanaosema Mombasa ni matumbawe na mchanga, hapaoti kitu. Hao wapelekeni Bamburi. Pale palipo Haller Park leo palikuwa timbo la kuchimba mawe ya simiti, mwamba mtupu unaowaka jua, na René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, akaweka na jongoo wayale yale majani makavu yanayoanguka, jongoo wakageuza majani kuwa udongo, na leo ni msitu na watoto wetu wanaenda kuangalia twiga. Sisi hatuna mwamba mtupu kama ule, tuna mchanga unaotaka kulishwa tu. Na chakula cha huo mchanga kipo kila siku pale Kongowea, maganda, majani ya kabeji, matunda yaliyooza, yote yanazolewa na gari kwenda kutupwa Mwakirunge kwa gharama ya kaunti. Kipakieni kiasi kidogo tu kwa wiki kishushwe kwenye bustani, sisi wenyewe tutakifukia na samadi ya mbuzi kiwe mboji. Mtapunguza taka na sisi tutapata udongo.

Lakini hapa nataka niwe mkali kidogo. Msitupe udongo wenye sumu. Mtaa wa Owino Uhuru hatujausahau, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga madini ya risasi, yenye sumu, mpaka yakaingia kwenye damu ya watoto, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mtu akipewa kipande karibu na kilichokuwa kiwanda, ama gereji, ama jalala la zamani, alime alishe watoto bila kujua, huo ni ubaya mkubwa kuliko kutompa. Udongo upimwe kwanza, majibu yabandikwe pale pale kwenye kiwanja kwa Kiswahili, na ukionekana una kasoro basi kiwanja kifungwe, ama tupande kwenye magunia na vituta vya kuinuliwa kwa udongo ulioletwa, maafisa wa afya waseme ni kipi kinachofaa. KALRO, wale watafiti wa kilimo wa serikali, wako Mtwapa, siyo mbali, wana maabara na wanaijua Pwani, kaeni nao mkubaliane.

Maji nayo, hapo ndipo watu wengi watakapokata tamaa kama hamkujipanga. Maji yetu ya bomba yatoka nje ya kaunti, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na mitaa mingi bomba linakohoa tu. Visima vingi ni chumvi. Hakuna atakayenunua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni amwagilie mchicha, haiwezekani, hesabu haikubali. Kwa hivyo viwanja vya kwanza vichaguliwe karibu na paa kubwa, shule, soko, zahanati, kanisa, tuvune maji ya mvua kwenye tangi. Na kuna jambo ambalo naliwaza kila Ijumaa nikipita msikitini: maji ya udhu. Mara tano kwa siku yanamwagika yakaenda kwenye shimo. Ni maji ambayo mtu amenawia uso na mikono na miguu, siyo maji ya choo. Kamati za misikiti zikikubali, na maafisa wa afya wakikagua, mfereji mfupi tu wayafikisha kwenye vituta. Na maji yasituame popote, mbu twawajua, malaria twaijua.

Halafu tafadhali angalieni kalenda ya mvua na siyo kalenda ya afisi. Masika yetu yaanza Machi ikienda Aprili mpaka Juni, vuli ni Oktoba na Novemba, na kaskazi ikishika kutoka Disemba ni jua tupu. Mkitoa ruhusa mwezi wa Julai mwenye kipande ataanza na udongo unaokauka na atashindwa, halafu itasemwa watu wa Mombasa ni wavivu. Leseni zitoke mapema, kufikia Februari mtu awe ameshasafisha na kuchanganya mbolea.

Kuhusu nani apewe, hapa najua ndipo patakapoharibika. Isiwe ni MCA anayegawa, isiwe ni chama cha siasa, na broka asikaribie kabisa. Majina yaandikwe kwa kitambulisho, kura ipigwe hadharani kwenye baraza la wadi kila mtu anaona, majina yabandikwe. Wanaoishi karibu kwa miguu wapewe mwanzo, maana mwenye gari anayetoka mbali atakuja mara moja kwa mwezi na magugu yatamshinda. Walemavu na wazee watengewe vituta vya kuinuliwa karibu na mlango. Asiyelima msimu mzima bila udhuru arudishe. Kodi iwepo lakini iwe ya mtu anayeuza maandazi kuimudu, na risiti itoke ya kaunti, siyo pesa ya mkononi kwa mtu.

Na mwisho orodha. Toeni orodha ya viwanja vya umma visivyotumika, wadi kwa wadi, kila kimoja kiandikwe ni cha afisi gani na kina mpango gani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari mlizonazo. Najua ardhi nyingine ni ya reli na ya bandari na ya taasisi za serikali kuu, hiyo hamuwezi kuigawa nyinyi, lakini mwaweza kukaa nao mezani, na sisi peke yetu hatuwezi.

Sisemi mfanye jiji zima siku moja. Kaunti ndogo ziko sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Chagueni kiwanja kimoja kila kaunti ndogo, udongo upimwe, tangi liwekwe, majina yapigiwe kura, na masika yajayo watu wawe shambani. Gharama yake iingizwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka ambao mnatakiwa kuupeleka bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Sisi kwa upande wetu tunakusanya saini kwa ajili ya ombi rasmi chini ya kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na kila saini ina jina la mtaa na aina ya mboga ambayo mtu anataka kupanda, ili msiseme hamkujua watu wanataka nini. Jibu twaomba lije kwa maandishi. Kama ni hapana, mtuandikie sababu ya kila kiwanja tutakachokitaja kwenye ombi hilo.

Wenu,
Mkaazi wa Kisauni, kwa niaba yangu na kina mama wa chama chetu